Sura ya Tatu: Baridi Haijui Bei ya Koti

Bonde la Bugarama, kusini-magharibi kabisa mwa Rwanda, ndipo mahali pa chini kuliko pote nchini humo. Mto Rusizi unapita hapo kwenye mwinuko wa mita 950 hivi, mpunga unakua katika maji ya mto Rubyiro, na mchana jua huwaka kiasi cha kumfanya mgeni kutoka Kigali avue koti kabla hajashuka garini. Ukitoka bondeni kuelekea sekta ya Nyakabuye, njia inapanda tu. Unapita karibu na chemchemi za maji moto ambazo wenyeji huziita Amashyuza, unaacha mihogo nyuma yako, na ukifika juu unaukuta msitu wa Cyamudongo: kipande kidogo, chini ya kilomita za mraba tano, kilichokatwa na mashamba ya watu kutoka kwa mama yake, msitu mkubwa wa Nyungwe. Hapo uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kati ya bonde na Cyamudongo, basi, kuna tofauti ya nyuzi saba hivi kabla hujahesabu mvua, upepo na usiku. Mtu huanza safari asubuhi jasho likimtiririka, na jioni ya siku hiyohiyo anatetemeka. Tena jasho lililomtoka bondeni ndilo linalomtetemesha mlimani, maana limelowesha fulana yake.

Wengi wakisikia habari za kunusurika porini huuliza kwanza: nibebe nini? Swali hilo lina nafasi yake, lakini si la kwanza. La kwanza ni: hapa nilipo, kitu gani kinaweza kuniua, na kitaniua kwa njia gani? Ukiuliza hivyo Nyakabuye, majibu yanashangaza. Kiu haiwezi, kwa kuwa Nyungwe hupata zaidi ya milimita 1,800 za mvua kwa mwaka na kila bonde lina kijito. Njaa huchukua wiki nyingi. Wanyama wakali karibu hawapo: nyati walikwisha Nyungwe miaka mingi iliyopita, na tembo wa mwisho alikutwa amekufa mwaka 1999. Kinachoua kwenye msitu wa mvua wa mwinuko ule ni joto la mwili wako mwenyewe kukutoka haraka kuliko mwili unavyoweza kulitengeneza.

Mwili wa binadamu hufanya kazi vizuri ukiwa na nyuzi 37. Ukishuka hadi 35, hali ambayo madaktari huiita hipothemia imeshaanza. Nyuzi mbili tu. Na jambo la kutisha ni kwamba kinachodhoofika mapema ni vidole na akili. Mgonjwa anashindwa kufunga kifungo, ulimi unakuwa mzito, anaanza kuamua mambo ya ajabu na haoni kasoro yoyote. Baadaye kutetemeka kunakoma, naye anadhani amepata nafuu. Sasa fikiria kiberiti cha gesi kilichomo mfukoni mwake. Kinahitaji kidole gumba chenye nguvu na kichwa kinachokumbuka kwamba kiberiti kipo. Kifaa kizima, kisichoharibika, kinaweza kulala mfukoni mwa mtu anayekufa kwa baridi, kwa sababu wakati wa kukitumia ulikuwa saa mbili zilizopita na yeye hakujua.

Kinachomwambia mtu wakati umefika ni kuelewa joto linatoka vipi. Linatoka kwa kugusa: ukikaa juu ya jiwe au udongo wenye unyevu, ardhi inalinyonya. Linatoka kwa upepo, ambao unafagia ile hewa ya vuguvugu iliyozunguka ngozi na kuleta nyingine ya baridi. Linatoka kwa kung'aa, maana kila kitu chenye joto hurusha joto hilo kwenda kwenye vilivyopoa, na usiku usio na mawingu anga yote juu yako ni kitu kilichopoa. Na linatoka kwa maji kukauka. Hili la mwisho ndilo linalodharauliwa zaidi. Gramu moja tu ya maji ikikauka mwilini huondoka na takriban jouli 2,400, kiasi cha kutosha kupoza gramu 570 za maji kwa nyuzi moja. Fulana ya pamba iliyolowa mvua hubeba mamia ya gramu. Juu ya hapo, maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Ndiyo maana mtu aliyelowa anaweza kufa kwa baridi katika hali ya hewa ambayo mkavu angeiita ya kupendeza.

Ukishayajua hayo manne, kila kifaa kinajieleza. Koti la manyoya ya ndege linaloleta sifa milimani kwa bei kubwa halina joto lolote ndani yake; kazi yake ni kushika hewa isitembee. Likilowa, manyoya yanashikamana, hewa inatoka, na kilichobaki ni kitambaa chepesi chenye maji. Sweta kuukuu la sufu, la aina inayouzwa kwenye caguwa, yaani mitumba, linalowa pia, lakini nyuzi zake hazilali chini kabisa, kwa hiyo linaendelea kushika hewa kidogo. Kwa msitu kama Cyamudongo, mimi ningechagua sweta hilo na shitingi ya kukinga mvua juu yake kuliko koti la bei mbaya. Na mwenye sweta chini ya shitingi, akijua kwamba hewa ndiyo inayomlinda, atajaza majani makavu kati ya nguo na nguo. Asiyejua ataendelea kuvuta zipu juu na kushangaa.

Blanketi jembamba linalong'aa kama fedha, linalowekwa kwenye visanduku vya huduma ya kwanza, ni mfano mzuri zaidi. Lilitengenezwa kurudisha joto linalong'aa kutoka mwilini, na kwa kazi hiyo ni zuri sana. Pia huzuia upepo na maji kidogo. Lakini wengi hulitandika chini na kulilalia. Chini, joto haling'ai, linanyonywa kwa kugusa, na karatasi nyembamba kiasi hicho haizuii kitu. Mtu amelipia kinga ya mlango mmoja, akaiweka kwenye mlango mwingine. Tandiko la matawi na majani lenye unene wa shibiri mbili, lisilogharimu hata faranga moja, lingemsaidia zaidi chini, na lile blanketi likafanya kazi yake juu.

Cyamudongo wapo sokwe. Kila jioni, kabla giza halijaingia, kila sokwe mkubwa hupanda mtini, hukunja matawi na kujitengenezea kitanda kipya cha majani, mbali na ardhi yenye maji. Hasubiri hadi asikie baridi. Karibu na mstari wa ikweta usiku huingia haraka: jua likizama mnamo saa kumi na mbili, baada ya nusu saa hivi huoni mkono wako, na chini ya miti mikubwa giza huwahi zaidi. Mtu aliyepotea ambaye bado anatafuta njia saa kumi na moja na nusu ametumia mwanga wake wote kwa matumaini. Afadhali saa kumi aache kutembea, atafute mahali pasipo na maji yanayotiririka, akusanye majani kwa wingi ambao utaonekana wa kupita kiasi, kisha aongeze mara mbili.

Kupotea kwenyewe kuna kanuni zake. Mwaka 2009 watafiti walioongozwa na Jan Souman, wa taasisi ya Max Planck mjini Tübingen, Ujerumani, walichapisha majaribio ambamo watu waliambiwa watembee moja kwa moja katika msitu mkubwa na katika jangwa la Sahara, Tunisia. Jua au mwezi ulipoonekana walifanikiwa vizuri tu. Mawingu yalipofunika, wakaanza kuzunguka na kuvuka nyayo zao wenyewe bila kujua. Waliofungwa macho walizunguka duara dogo, pengine la kipenyo cha mita 20 tu. Hakuna kasoro ya mguu wala ujinga hapo. Ubongo hukusanya makosa madogo ya mwelekeo, na bila alama ya nje hauna cha kuyasahihishia.

Linganisha hilo na ukubwa wa Cyamudongo. Msitu mdogo kiasi kile, uliozungukwa na mashamba pande zote, hauwezi kummeza mtu anayekwenda mstari ulionyooka: atatokea kwenye migomba ya mtu kabla ya siku kuisha. Unammeza anayezunguka, na ukungu ukishuka wote tunazunguka. Dawa haihitaji dira. Chagua miti miwili iliyo mbele yako katika mstari mmoja, ukiufikia wa kwanza, tafuta wa tatu ulio sawa na wa pili, endelea hivyo. Ni kazi ya polepole na inachosha, lakini kila mti unasahihisha kosa la hatua zilizopita. Simu yenye ramani hufanya vilevile kwa kutumia setilaiti, na ni kitu kizuri betri ikiwepo. Ila chini ya miti mikubwa na kwenye mabonde marefu mawimbi hudhoofika, na katika pembe hii ya Rwanda simu huweza kunasa mtandao wa Burundi au wa Kongo. Aliyezoea kutazama kioo tu hana mti hata mmoja kichwani.

Halafu kuna ushauri unaorudiwa kila mahali: ukipotea, fuata maji yateremkapo. Nyakabuye ushauri huo ni sahihi kwa jumla, kwa sababu vijito vya upande huu vinashuka kuelekea mabonde yanayolimwa. Ila usahihi wake unatokana na mahali watu wanapoishi, na hauko ndani ya maji yenyewe. Vuka uingie mabonde ya Kongo, na kijito kile kile kitakupeleka kwenye mto mkubwa zaidi, kinamasi kikubwa zaidi, na msitu usiokwisha. Hata ndani ya Nyungwe kipo kinamasi cha Kamiranzovu, na yapo makorongo yenye maporomoko. Anayejua sababu atauliza kwanza: katika nchi hii, watu wako chini au wako juu ya vilima?

Moto nitaupitia kwa ufupi, kwa kuwa una sura yake mbele. Unahitaji joto, hewa na kuni, na katika msitu wa mvua adui ni maji yaliyo ndani ya kuni, ambayo lazima yachemke yatoke kabla kuni haijashika. Kwa hiyo usiokote tawi lililolala chini. Tafuta lililokufa likiwa bado limesimama, ulipasue, utumie kiini chake kilicho kikavu, ukichane vijiti vyembamba kuliko unavyodhani inatosha. Wazee waliopekecha moto kwa ulindi na uwimbombo walijua hilo kuliko sisi wenye viberiti, maana cheche yao ilikuwa ndogo mno kuvumilia uzembe. Na moto wa msituni ni wa dharura ya kweli tu. Mwaka 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Nyungwe, na kangaga zilizoota kwenye makovu yale zimezuia miti kurudi kwa miaka mingi.

Kisa ninachotaka tukae nacho ni cha watu wa Unguja. Februari 1887, Henry Morton Stanley aliondoka Zanzibar na wapagazi wapatao 600, wengi wao wakizungumza Kiswahili hiki tunachosoma, kwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta (Equatoria), kusini mwa Sudani ya wakati ule. Ulikuwa msafara uliosheheni vifaa kuliko karibu yote iliyotangulia Afrika. Ulikuwa na mashua ya chuma inayofunguka vipande, bunduki ya Maxim iliyotolewa na mbunifu wake mwenyewe, masanduku ya dawa ya Burroughs Wellcome na masanduku ya vyakula vya maafisa kutoka Fortnum & Mason, London. Baada ya kupanda mto Kongo walifika Yambuya, kwenye mto Aruwimi, mwezi Juni. Wenyeji walikimbia, msafara ukakalia kijiji chao. Stanley akatangulia kuingia msitu wa Ituri na watu karibu 390, akaacha kundi la nyuma Yambuya kulinda mizigo.

Kijiji kilikuwa na mihogo. Muhogo mchungu una kemikali ambayo, seli za mzizi zikivunjika, hutoa sianidi, sumu inayozuia mwili kutumia oksijeni. Wanaoula hujua kuuloweka kwa siku kadhaa hadi ulainike, kuuanika, kisha kuusaga. Ni kazi ya kila siku katika nchi nzima ya maziwa makuu. Bugali wa Bukavu na ubugari wa Bugarama hupita njia hiyo. Watu wa kundi la nyuma waliula bila kuuandaa inavyotakiwa. Stanley alirudi Agosti 1888 na kukuta karibu nusu ya watu wake wamekufa na wengi wa waliobaki ni mifupa na vidonda. Yalikuwepo magonjwa, viboko vya maafisa, na chakula kichache kwa jumla, lakini Stanley mwenyewe aliutaja muhogo ule kuwa miongoni mwa sababu. Mizigo ilikuwepo. Kilichokosekana ni maarifa ya mama yeyote wa kijiji kile, na mama huyo alikuwa amefukuzwa.

Huko mbele msituni mambo hayakuwa bora. Tarehe 6 Oktoba 1887 kapteni Nelson, mmoja wa maafisa wa Stanley, aliyekuwa na vidonda miguuni, aliachwa kando ya mto na watu 52 wasioweza kutembea. Walipofikiwa tena mwishoni mwa mwezi, walikuwepo watano, wawili kati yao wakikata roho. Wengine walikuwa wamekufa au wametoroka. Katika msitu huohuo wenyeji wake, Wambuti, walikuwa wakiwinda, wakila viazi mwitu, uyoga na asali, na kuzaa watoto. Siandiki haya kumdharau mpagazi wa Unguja, ambaye alibeba mzigo wa mtu mwingine hadi kaburini. Nayaandika kwa sababu ni watu wetu, na walikufa njaa kando ya chakula.

Australia ilishuhudia jambo linalofanana. Wapelelezi Burke na Wills waliondoka Melbourne Agosti 1860 na shehena ya tani 20 hivi, ikiwa na meza ya kulia na viti vyake. Katikati ya 1861 walikufa kando ya kijito cha Cooper wakiwa wanakula unga wa nardoo kila siku, mmea ambao wenyeji Wayandruwandha waliutayarisha kwa namna iliyoondoa madhara yake. Mwenzao John King, aliyekwenda kuishi na wenyeji hao, alinusurika.

Lakini kujua hatua bila kujua sababu yake nako hakutoshi. Katikati ya miaka ya 1980, wilayani Tarime, mkoa wa Mara, ukame uliwafanya watu wategemee muhogo mchungu na kufupisha maandalizi yake kwa sababu ya njaa. Wengi, hasa watoto na wanawake, wakapooza miguu ghafla kwa ugonjwa uitwao konzo, ambao hauponi. Walikuwa wazoefu wa muhogo, waliorithi kazi ile kwa mabibi zao. Desturi iliwaambia waanike. Haikuwaambia kwamba zile siku ndizo dawa yenyewe, na kwamba siku zikipungua sumu inabaki. Ndiyo maana katika kitabu hiki nasisitiza sababu kila mara, hata mahali ambapo agizo fupi lingependeza zaidi.

Je, vifaa havina maana? Vina maana kubwa. Mpagazi anayepandishwa Kilimanjaro na viatu vya raba na koti lililochanika hahitaji somo la fizikia, anahitaji koti, na anayemwajiri ana wajibu wa kuhakikisha analo. Ninachopinga ni kununua kitu badala ya kukielewa. Waitaliano watatu walionyesha upande wa pili wa jambo hili. Januari 1943 Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti walitoroka kambi ya wafungwa wa vita huko Nanyuki ili wapande mlima Kenya, kisha warudi kambini. Kamba zao zilitokana na katani ya nyavu za vitanda, mashoka ya barafu yalifuliwa kutoka kwa nyundo, meno ya viatu yalikatwa kwenye mabati chakavu, na mchoro wa mlima waliutazama kwenye karatasi ya kopo la nyama. Barsotti aliugua akabaki chini. Wawili walishindwa na kilele cha Batian, lakini Februari 6 walisimama Lenana, mita 4,985. Benuzzi na Balletto walikuwa wapandaji wenye uzoefu wa Alpi. Walijua kamba inabeba nini na barafu inashika vipi, kwa hiyo waliweza kuona kamba ndani ya kitanda.

Ujuzi wa namna hiyo hauingii kwa kusoma peke yake, hata kwa kusoma sura hii. Mwalimu wa shule yoyote ya Nyakabuye anaweza kuanza na chupa tatu za soda zilizojaa maji ya uvuguvugu, sawa kwa kipimo, na kipimajoto kimoja. Ya kwanza aiache wazi. Ya pili aizungushie kitambaa cha pamba kilicholowa na kukamuliwa. Ya tatu aifunike kwa majani makavu ya mgomba, kisha aifunge ndani ya mfuko wa saruji wa karatasi usiopitisha upepo. Aziweke zote kivulini, mahali penye upepo, na wanafunzi waandike nyuzi kila baada ya dakika kumi kwa muda wa saa moja, wakibashiri kwanza ipi itapoa mapema na kwa nini. Siku nyingine arudie, chupa moja ikiwa juu ya udongo wenye unyevu na nyingine juu ya tandiko la majani. Na kama wazazi wataridhia na askari wa hifadhi atakubali kuwasindikiza, jaribio la tatu lifanyike jioni, juu, kwenye ukingo wa Cyamudongo, kila mtoto akiwa amevaa sweta kavu.